Mama wa Kiti cha Katikati

Jina lake halisi wanalijua watu wa benki tu. Sisi wengine tunamwita Mzee Tulia, kwa kuwa hilo neno analitamka kuliko salamu. Tulia hapo. Tulia, usipepese macho. Wewe wa nyuma, tulia, kwani unakimbizwa? Amepiga picha na video za harusi kwa miaka ishirini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo nimekuwa naye mimi, nimekaa kwenye kompyuta ya chumba cha ndani, nakata na kuunga anachokileta. Nina miaka arobaini na mmoja na watoto wawili wanaonizidi urefu, lakini yeye huniita binti. Nilishaacha kubisha.

Studio yetu iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba cha mbele kina pazia jeupe, stuli, taa mbili zenye miavuli na kioo ambacho watu hujitazama wakajuta. Chumba cha ndani kina mimi na feni. Kutwa nasikia watu wa chini wakiulizia misumari, na kila lori la saruji likishusha mzigo, kioo changu cha kompyuta kinatikisika kidogo. Ndivyo tunavyoishi.

Sasa niseme jambo ambalo watu hawaliamini. Mzee hatazami sura. Mpiga picha mzima, miaka ishirini na sita, na sura haimkai kichwani hata kwa dawa. Anachokiona ni mabega, kidevu, mwanga na kiti. Hasa kiti. Katika picha ya familia, mama wa bibi harusi hukaa katikati, mstari wa mbele. Baba kuliani kwake, wazazi wa bwana harusi kushoto, mashangazi na wajomba wamesimama nyuma, watoto chini. Hapo hana mjadala na mtu, awe tajiri, awe mgonjwa. Mke wake aliwahi kunitania kwamba kwao hata chakula cha mchana watu hula wamepangwa kwa urefu. Mwulize Mzee mama wa harusi ya mwezi uliopita alifananaje, atakujibu, "Wa katikati." Basi, umeshajibiwa.

Kanuni yake ya pili ni simu. Kabla shughuli haijaanza humshika mshereheshaji mkono na kumwamuru atangaze simu zote ziwekwe mbali. "Anayetaka kuona atumie macho," husema. "Kazi ya kukumbuka ni yangu." Watu hununa, lakini hutii, maana ana sauti ya mwalimu wa nidhamu. Na kweli, kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza shughuli ya mtu. Alijivunia hilo mpaka ikawa kero.

Harusi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya binti mmoja muuguzi, aliyeolewa na fundi wa majokofu. Mimi ukumbini sikuwepo. Huwa siendi, miguu yangu haitaki viatu vya sherehe. Mzee alienda na kamera mbili. Moja aliibeba mwenyewe, nyingine akaisimamisha kwenye stendi ikitazama ukumbi na mlango mkubwa, ijirekodie yenyewe. Picha ya familia ilipigwa mapema, nje bustanini. Jioni jioni akatoka na kamera yake kwenda kumpiga bwana harusi na marafiki zake karibu na gari. Akiwa huko nje akasikia ukumbi umelipuka kwa vigelegele, na mshereheshaji anapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Mama ameingia! Mama yetu ameingia!"

Mzee hakushtuka. Akina mama wa harusi hubadilisha nguo mara tatu, na kila wakirudi ukumbini hushangiliwa upya. Akajua mama ameenda kubadili gauni, sasa amerudi. Na kwa kuwa kamera ya stendi ilikuwa inarekodi, akamalizia kazi yake ya nje bila haraka.

Jumatatu asubuhi bibi harusi akapiga simu. Niliipokea mimi. Sauti yake ilikuwa na furaha fulani ya kutetemeka, kama ya mtu aliyebeba kitu kimejaa pomoni na anaogopa kumwaga.

"Dada, ile sehemu mama anaingia na gauni la kijani," akasema, "nyingine zote zikipotea sawa, hiyo naomba isipotee."

Nikaweka mkono kwenye simu, nikamuuliza Mzee. Akajibu bila kugeuka, "Mwambie ipo." Nikamwambia ipo. Nilipokata simu nikaichomeka kadi ya kamera ya stendi kwenye kompyuta, na kompyuta ikaniambia kadi ni tupu. Nikaitoa, nikaipangusa kwa pindo la blauzi, nikairudisha. Tupu. Nikajaribu programu zote ninazozijua za kufufua kadi. Kilichofufuka ni sekunde nne za zulia.

Mzee alikaa kwenye stuli ya wateja, mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona hivyo. Nikamwambia, "Mzee, piga simu useme ukweli. Kadi hufa, kila mtu anajua." Akaniambia kadi za watu wengine hufa, zake hazifi. Nikamwambia hii imekufa. Akaondoka akaenda kusimama ngazini kwa muda mrefu, na aliporudi akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei tu, "Ile programu yako uliyomchezeshea dansi yule wa chini, inaweza kumtembeza mtu ukumbini?"

Kosa langu linaanzia hapa, kwa hiyo nitalisema waziwazi. Wiki chache kabla, kwa utundu tu, nilikuwa nimechukua picha ya mwenye duka la chini, mtu mkavu ambaye hata kucheka huona ni hasara, nikaiingiza kwenye programu ya akili bandia inayotengeneza video, nikamchezesha dansi kati ya mifuko ya saruji. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mzee alikuwa ameikumbuka. Nilitakiwa kusema haiwezi. Nikasema, "Inaweza."

Programu ile haitosheki na maelezo. Inataka picha za rejea, yaani picha za mtu mwenyewe, ili ijue inamtengeneza nani. Unaipa picha, inasaka nyuso, kila uso inauchorea mraba wa manjano, halafu inakuuliza unamtaka yupi. Nikaipa picha ya familia ya bustanini. Ikaona nyuso ishirini na nne, ingawa watu walikuwa ishirini na watatu. Wa mwisho alikuwa kichaka cha maua. Mzee akacheka kidogo, cheko lake la kwanza siku ile.

"Mama ni yupi?" nikauliza.

"Binti! Miaka kumi na minne na unaniuliza mama ni yupi?"

Nikabofya mraba wa kiti cha katikati. Programu ikajitolea kumtafuta mwanamke huyo huyo katika picha zote za siku ile, ikaniletea sitini na moja. Yuko nyumbani asubuhi anamfunga bibi harusi vifungo vya mgongoni. Yuko kwenye gari anampepea kwa bahasha. Yuko nje ya ukumbi amepiga magoti anamfuta vumbi viatu. Nikasema moyoni, huyu ni mama kweli. Hivyo ndivyo nilivyosema, na nikaona raha. Nikachagua tatu zilizo safi, moja ya mbele na mbili za ubavuni, kisha nikaandika maelezo: mama aliyevaa gauni la kijani anaingia mlangoni, anapita kati ya meza, anamkumbatia binti yake.

"Ongeza machozi," akasema Mzee.

Nikaongeza machozi.

Majaribio ya kwanza yalikuwa aibu. Mara mama ana vidole sita, mara mkono wake unaingia ndani ya bega la bibi harusi kama kijiko kwenye uji. La tisa likatoka vizuri. Mwanamke anaingia, gauni linayumba, meza zinampisha, anafungua mikono, wanakumbatiana na machozi yanateremka kwa adabu. Nikamuuliza Mzee kama ndivyo ilivyokuwa. Akamung'unya maneno, kisha akasema akina mama wote hufanya hivyo. Tukaliunga kwenye video, tukapachika vigelegele vya harusi nyingine, tukakabidhi kazi. Siku kumi zikapita bila mtu kulalamika. Nikadhani tumepona.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, akapanda ngazi mwanamke wa miaka sitini hivi. Alipanda polepole, akasimama mlangoni kama anayehesabu waliomo. Nilimwona kupitia uwazi wa pazia na nikahisi namjua, na wakati huo huo simjui. Paji la uso lilikuwa lile, taya zilikuwa zile, lakini mdomo ulikuwa mwingine, mwembamba, wa mtu aliyezoea kumeza maneno.

"Shikamoo, mama, karibu," nikasema. "Ni picha ya pasi?"

Akaitikia, akatoa simu kwenye mkoba, akaiwasha, akanipa. Ilikuwa ile sehemu yetu. Gauni la kijani, meza, mikono inafunguka.

"Mimi ni mama wa bibi harusi," akasema. "Nionyesheni mimi niko wapi hapo."

 Nikatazama simu, nikamtazama yeye. Mzee akasogea, akatazama naye, na naapa hakuona tofauti.

"Si huyu hapa, mama?" akasema.

"Huyo ni mdogo wangu."

Chini mtu akaulizia bawaba za mlango. Yote mengine tuliyapata kwake, kidogo kidogo, hajakaa hata kitako. Mchumba wa binti yake, mama hakumtaka tangu siku ya kwanza. Sababu alizozitoa, alikiri mwenyewe, hazikuwa na kichwa wala miguu. Maneno yakawa makubwa, binti akahama akaenda kukaa kwa mama yake mdogo, miaka mitatu wasisemezane. Akala kiapo kwamba ukumbini hatakanyaga. Kwa hiyo ni mama mdogo aliyemvalisha bibi harusi, aliyekaa naye garini, na aliyekaa kwenye kile kiti bustanini. Halafu jioni ile, nyumbani peke yake, mama alishindwa. Akavaa gauni la kijani akaja. Akakaa dakika chache, akaondoka kwa mlango wa pembeni.

"Nilipoondoka nilimwambia sikuja kupigwa picha, nimekuja kumwona yeye tu," akasema. "Tukaanza kupigiana simu. Mlipomkabidhi video akanitumia hii." Akaichukua simu yake. "Sura yangu imetolewa, imewekwa ya mdogo wangu. Nimeelewa. Alitaka nione inavyouma mtu akikufuta. Sasa simu zake sipokei. Nimekuja kuwaomba kitu kimoja tu, mniambie kama ni yeye aliyewaagiza, nisije nikamdhulumu."

Mzee akaanza kusema habari za mwanga. Kwamba mwanga wa ukumbini hubadilisha sura, kwamba lenzi nazo zina mambo yake.  Nikamwambia, "Mzee, wewe!" Hilo tu, na sijawahi kumwambia hivyo mbele ya mteja. Mzee akayaacha ya mwanga. Akaingia chumba cha ndani, na kupitia pazia nikamsikia anapiga simu. "Bibi harusi? Ni mimi mpiga picha. Naomba uje studio sasa hivi. Mama yako yuko hapa." Akasikiliza. "Hapana. Hajakataa kukuona. Aliyeharibu ni mimi. Njoo."

Hospitali anayofanyia kazi bibi harusi iko mtaa wa pili, dakika kumi kwa miguu. Dakika kumi hizo Mzee hakuweza kukaa bila kazi. Akamwomba mama akae kwenye stuli, akawasha taa mbili, akaelekeza kamera iliyounganishwa na kompyuta yangu. Alisema tutapiga picha tatu, ya mbele na za ubavuni, tuiweke sura yake mahali pake, ukumbi ule ule, gauni lile lile, hakuna atakayejua. Mama alikaa shingo upande, mkoba mapajani. Kwenye kompyuta ule mraba wa manjano ukamdaka usoni papo hapo, ukawa unamfuata kila akigeuka. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta aone. Hakupendezwa.

Bibi harusi aliingia na sare yake ya kazi, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Alisimama karibu na mlango. Mama hakuinuka. Nilichoona kati yao ni umbali wa hatua nne na hakuna aliyekuwa na mpango wa kuzipunguza.

"Kama hukutaka kuonekana na wakwe zangu ungeniambia mimi," akasema binti. "Si kuja huku kuwaambia wakutoe. Halafu mama mdogo wa watu anajiona amevaa kijani, analia, anadhani amerukwa na akili."

"Mimi nilikuja huku?" Mama macho yalimtoka. "Mimi ndiyo leo nimeingia humu mara ya kwanza!"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakamgeukia Mzee.

Nimsifu kwa hili: hakukaa chini, wala hakunitazama mimi nimsaidie. Alisema, "Kadi ilikufa. Mama alipoingia mimi nilikuwa nje, sikumwona. Bibi harusi alipouliza nikasema ipo, na haikuwepo. Tukatengeneza kwa kompyuta. Nikachagua sura ya aliyekaa kwenye kiti cha mama, kwa sababu mimi watu nawajua kwa viti."  "Miaka ishirini na sita sijapoteza shughuli ya mtu. Hii nimeipoteza, na nikawaongopea. Nisameheni."

Nikasema na mimi, "Maelezo niliyaandika mimi. Na machozi niliweka mimi." 

Nadhani hatukuwa na umuhimu tena. Mama alikuwa ameinamia simu yake, anaitazama upya, sasa kwa macho mengine. Akaiacha iende mpaka mwisho.

"Nani aliwaambia nilimkumbatia?" akauliza.

Nikamtazama Mzee, naye akatazama taa zake.

"Sikumkumbatia," akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Nilifika mbele yake, nikamshika kipande cha gauni hapa begani, nikamwambia limekupendeza. Basi. Nikageuka."

"Najua," akasema binti. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilipoitazama mara ya kwanza, anaingia, nilidhani ni wewe. Mnafanana, na gauni ni la kijani kama lako. Nikamwita mume wangu, nikamwambia njoo umwone mama. Aliponikumbatia ndiyo nikajua si wewe."

Alilisema taratibu, bila ukali wowote, kama anavyomsomea mgonjwa joto lake.  Nilimwona mama akishika mkoba kwa mikono miwili, akiuachia, akiushika tena. Uso wake kwenye kompyuta ulikuwa mkubwa kuliko wa kweli, na nilishindwa kuutazama, nikatazama kibodi.

"Nilitaka," akasema mwishowe. "Mikono iligoma, mwanangu. Tangu wewe ni mdogo hii mikono imekuwa ikigoma, sijui ina nini."

Akainuka kwenye stuli. Mkoba ukaanguka, brashi ya viatu na funguo vikamwagika sakafuni, na Mzee, kwa mazoea ya kazi, akanyanyua mkono kutaka kumpanga mtu. Nikamshika kwapani, nikamrudisha nyuma kwa nguvu. Mama alienda zile hatua nne. Hakujua afanyeje na mikono. Mmoja aliupeleka juu sana, mwingine chini sana, na kitambulisho cha bintiye kikambana katikati. Binti akakisogeza. Ndipo mama akauficha uso wake wote begani kwa mwanawe, akaubana huko.

Kwenye kompyuta ule mraba ulihangaika huku na huko, ukapotea, na maandishi yakajitokeza: Uso hauonekani. Tafadhali tazama kamera.

Yalikaa pale muda mrefu, na hakuna aliyeitazama kamera.